UFC Mubashara Ukiwa Nje ya Nchi: Njia Tano kwa Msafiri wa Kigoma

Mtu wa Kigoma akisema anakwenda nje ya nchi, si lazima awe na tiketi ya ndege mfukoni. Anaweza kuwa anashuka Kibirizi kutafuta boti, au anapanda gari la Manyovu asubuhi na mchana anakula chakula chake Burundi. Mwingine anapaa kweli kweli: Dubai kufuata mzigo, Guangzhou kwa ajili ya duka, India na mgonjwa, Marekani masomoni. Ikiwa ni mpenzi wa MMA, yaani mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na kabari, na safari imeangukia wiki ya pambano kubwa la UFC, kampuni ya Marekani inayoyaandaa, swali ni lile lile: nitaliona wapi, na kwa njia gani?

Njia za maana ziko tano. Hakuna inayozishinda zote kila mahali, kwa sababu kinachoamua si ubora wa simu yako wala ukubwa wa bando. Kinachoamua ni nchi utakayolala usiku ule. Haki za kuonyesha UFC huuzwa kwa nchi au kwa kanda, na kila aliyenunua anafunga mlango mahali eneo lake linapoishia. Kwetu huku kusini mwa Sahara matangazo yako SuperSport, maana yake king'amuzi cha DStv. Marekani yalikuwa ESPN tangu 2019, na kuanzia 2026 yamehamia Paramount kwa mkataba wa miaka 7 wa dola bilioni 7.7. Kwa hiyo programu uliyolipia Mwanga inaweza kugeuka pambo kwenye simu ukifika Chicago, na ile ya Chicago isikusaidie chochote Ujiji.

Tunapima nini

Kwanza haki: huduma hiyo inaruhusiwa kuonyesha pambano pale ulipo, au unapitia dirishani? Pili gharama, na hapa jumlisha kila kitu: kifurushi, bando, na soda utakayolazimika kuagiza ukikalia kiti cha baa ya watu. Tatu intaneti inayohitajika. Nne uhakika: njia ikikatika katikati ya raundi, unapo pa kukimbilia?

Hicho cha nne watu hukidharau. Mpira ukikwama dakika tano, unarudi unakuta bado ni sare. Mapigano hayakusubiri. Francis Ngannou alipomzimisha Stipe Miocic Machi 2021 na kuchukua mkanda wa uzito wa juu, raundi ya pili ilikuwa haijamaliza hata dakika moja. Aliyekuwa anahangaika kuingiza vocha alikuta mtu kashavishwa mkanda.

Kuhusu intaneti, hesabu yake ni nyepesi. Picha ya kawaida, inayotosha kioo cha simu, inakula takriban megabiti 1.2 kwa sekunde. Ya HD inataka 3 au zaidi. Kadi kuu, yaani sehemu ya mwisho ya usiku yenye mapambano makubwa, ina mapambano matano kwa kawaida. Mengi ni ya raundi 3 za dakika 5, la mkanda na lile linalofunga usiku ni raundi 5, na ukiongeza matangazo na porojo za katikati inafika karibu saa tatu. Saa tatu za picha ya kawaida ni kama GB 1.6, na za HD ni GB 4. Ukitaka na mapambano yote ya utangulizi, zidisha mara mbili.

Saa zinavyogeuka

Saa nimeitenga peke yake kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wasafiri wengi kuliko intaneti.

Kwa miaka mingi, hadi 2025, kadi kuu ya UFC inayopiganwa Las Vegas ilianza saa nne usiku wa Jumamosi kwa saa za New York. Kwetu hiyo ilikuwa Jumapili saa kumi na moja alfajiri, au saa kumi na mbili pale Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, Novemba hadi Machi. Ujiji watu walikuwa wanatoka swala ya alfajiri kadi inaanza, na pambano kuu lilikuwa linakuta wa misa ya kwanza wameshakaa kanisani. Tangu 2026 kadi hizo kubwa huanza mapema kwa saa nzima, basi kwenye saa za mfano nitakazotaja hapa toa saa moja, isipokuwa za Abu Dhabi. Usidhani pambano likihamia bara jingine saa itahama nalo. Agosti 2024 Dricus du Plessis alimkaba Israel Adesanya raundi ya nne kule Perth, Australia, na shughuli ilifanyika Jumapili asubuhi ya kule ili kwa Wamarekani iwe Jumamosi usiku. Sisi tukabaki na alfajiri yetu. Abu Dhabi ndiyo hutuonea huruma: kadi kuu yao mara nyingi huanza saa tatu usiku kwa saa za Kigoma.

Sasa ondoka Kigoma. Burundi, Rwanda, mashariki mwa Congo na Zambia wako saa moja nyuma yetu, kwa hiyo kadi ya saa kumi na moja ya Kigoma ni saa kumi alfajiri Bujumbura, Kalemie na Mpulungu. Simu hujibadilisha yenyewe ikishika mnara wa kule, na hapo ndipo mtego ulipo: kengele uliyoitega Kigoma kwa saa kumi na moja italia saa kumi na moja ya Bujumbura, kadi kuu ikiwa imeshakula saa nzima. Dubai ni saa kumi na mbili asubuhi, India saa moja na nusu, Guangzhou saa nne asubuhi ukiwa tayari sokoni unabishana bei. London ni saa tisa usiku, saa ngumu kuliko zote. Toronto na New York ni saa nne usiku, raha mustarehe.

Waandaaji huweza kusogeza muda, basi angalia tangazo la wiki ile ile, ulibadilishe kwa saa za unakokwenda, na uandike kwenye karatasi. Karatasi haibadiliki ikivuka mpaka.

Njia ya kwanza: programu ya king'amuzi cha nyumbani

Umelipia DStv nyumbani, umepakua programu yake kwenye simu, unaondoka nayo.

Haki. Ndani ya Tanzania huna shaka. Shida inaanza mpakani, kwa sababu programu inasoma anwani ya intaneti uliyoshika na kujua uko nchi gani. DStv ipo Burundi, Congo na Zambia, lakini akaunti yako imeandikishwa Tanzania. Piga simu huduma kwa wateja uulize kuhusu nchi unayokwenda kabla hujaondoka. Nje ya Afrika usiihesabu kabisa.

Dalili za kufungiwa zinahadaa. Unafungua programu, orodha ya chaneli iko pale pale, jina la pambano limeandikwa na saa yake. Unabonyeza, kiduara kinazunguka kidogo, kisha yanakuja maandishi kwamba kipindi hiki hakipatikani mahali ulipo. Na kwa sababu chaneli ya habari huenda ilifunguka vizuri jana yake, ulilala ukiamini mambo safi. Ukijaribu, jaribu chaneli ya michezo, tena ikiwa na mchezo wa moja kwa moja. Habari hazifungwi kwa mkataba ule ule.

Intaneti na gharama. Kifurushi umeshalipa, kwa hiyo cha kuongeza ni bando tu. Hakikisha kwanza kifurushi chako kina chaneli inayobeba mapigano, maana vya chini vinaweza kuwa na mpira wa kutosha na ngumi zikakosekana. Kuna jambo la kiufundi wengi hawalijui: ukitumia laini yako ya Tanzania kwa romingi, data yako kwa kawaida hurudishwa kwanza kwa kampuni yako ya nyumbani ndipo itoke kwenda mtandaoni, hivyo anwani inaonekana ya Tanzania hata kama umekaa ufukweni Bujumbura. Ukinunua laini ya kule, anwani ni ya kule. Romingi basi inaweza kufungua kilichofungwa, ingawa masharti uliyoyakubali kwenye programu hayajabadilika, na bei ya MB inaweza kukutoa jasho. Uliza bei ya romingi kwa GB 2 kabla ya kuvuka, uilinganishe na bei ya chumba cha kulala wageni. Wakati mwingine chumba ni nafuu. Na kampuni kuwa na jina moja pande mbili za ziwa, kama Vodacom au Airtel, hakuigeuzi laini yako kuwa ya kule.

Uhakika. Ukiwa upande wetu ni mzuri. Ukivuka ni bahati nasibu mpaka ujaribu.

Inamfaa anayekwenda na kurudi karibu na mpaka. Kama biashara yako ya Burundi ni ya Jumapili mchana, lala Manyovu upande wetu, angalia pambano kwa amani, vuka saa tatu asubuhi. Ni ajabu watu hukuna kichwa juu ya programu wakati wangeweza kusogeza usiku mmoja tu.

Njia ya pili: kulipia huduma ya nchi uliyofikia

Hapa unakuwa mteja wa kule. Marekani ni Paramount+; kwingine ni chaneli au programu ya aliyenunua haki. Pia kuna Fight Pass, huduma ya UFC wenyewe iliyoanza Desemba 2013, ambayo ni ghala kubwa la mapambano ya zamani na katika baadhi ya nchi huonyesha mubashara pia.

Haki. Ndiyo njia safi kuliko zote, kwa kuwa unamlipa mwenye mali palepale alipo. Kuwa macho na Fight Pass tu: inachoruhusiwa kuonyesha mubashara kinategemea nchi. Mahali ambapo kituo cha televisheni kimenunua haki, Fight Pass huzima matangazo ya moja kwa moja na kukuachia ghala. Soma ukurasa wa nchi uliyomo, usisome ushauri wa mtu aliyeko nchi nyingine.

Gharama. Kwa Marekani mambo yamekuwa mepesi tangu 2026. Zamani ulilipa usajili, halafu pambano kubwa ukalilipia tena peke yake. Mkataba wa Paramount umeondoa malipo hayo ya pili. Kikwazo cha Mtanzania huwa kwenye kadi ya benki. Benki ya nyumbani ikiona malipo yanatoka nchi ngeni usiku wa manane inaweza kuyakataa kwa kudhani ni mwizi. Iarifu benki kabla ya safari, lipia siku mbili kabla ya pambano, na ukimaliza kumbuka kuzima usajili usijirudie mwezi ujao ukiwa umesharudi Katubuka huna hata habari.

Intaneti. Miji unakopata huduma hizi kwa kawaida ina intaneti inayobeba HD bila kusuasua. Waifai ya hoteli ni jambo jingine. Ijaribu saa ile ile ya pambano, siku moja kabla.

Inamfaa mwanafunzi, mfanyakazi wa mkataba, au yeyote anayekaa mwezi na zaidi. Kwa aliyeko siku tatu, inalipa tu ikiwa pambano ni la mtu anayempenda sana.

Njia ya tatu: VPN na akaunti ya nyumbani

Hii ndiyo inayopigiwa debe kuliko zote mtandaoni, hasa na wanaoiuza. VPN hupitisha data yako kwenye kompyuta iliyo mahali pengine, kisha tovuti unayoifungua inaona anwani ya kompyuta ile badala ya yako.

Haki. VPN inabadilisha unakoonekana, haikupi haki ya kuangalia. Huduma nyingi za michezo zimeandika kwenye masharti kwamba kuficha nchi uliyopo ni kuvunja makubaliano, na akaunti inaweza kusimamishwa. Halafu kuna sheria za nchi. Hapa nyumbani, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka watumiaji wa VPN wajiandikishe na kutoa taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Falme za Kiarabu wana sheria ya makosa ya mtandao inayomtoza anayeficha anwani ili kutenda kosa faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi 2,000,000. China inaruhusu zilizoidhinishwa na serikali tu. Mfanyabiashara wa Kigoma anayekwenda Dubai au Guangzhou yuko katikati kabisa ya nchi ambazo si za kuchezea jambo hili.

Gharama. VPN nzuri ni ya kulipia kwa mwezi, na hiyo ni juu ya kifurushi ambacho bado unalipa. Ya bure ina kikomo cha MB kinachoisha pambano la pili, na nyingine zinaishi kwa kuuza taarifa zako.

Intaneti. Data inazunguka safari ndefu, basi kasi inapungua. Kuna na hili ambalo matangazo hayalisemi: ili uonekane uko Tanzania unahitaji VPN yenye kompyuta yake Tanzania, na nyingi hazina. Utapewa Afrika Kusini au Kenya, na akaunti yako ya Tanzania itakushangaa.

Uhakika. Mdogo. Huduma za michezo zinazijua anwani nyingi za VPN na huzifunga, aghalabu usiku wenyewe wa tukio kubwa.

Inamfaa msafiri anayetaka kulinda nywila na akaunti ya benki kwenye waifai ya hoteli au uwanja wa ndege, katika nchi inayoruhusu. Kwa kazi hiyo ni nzuri. Kuifanya tiketi ya UFC sikushauri, ila sitajifanya kwamba hakuna wanaofanikiwa nayo.

Njia ya nne: baa, hoteli au kibanda

Msafiri wa maziwa makuu ajue kwamba hii, inayoonekana ya kizamani, mara nyingi ndiyo inayofanya kazi.

Haki. Mwenye baa ndiye anayetakiwa kulipia kifurushi, king'amuzi ni cha nchi ile, nawe ni mteja uliyeketi. Ukivuka kwenda Burundi au Congo utakutana zaidi na Canal+ na watangazaji wa Kifaransa. Zambia ni DStv na Kiingereza. Canal+ ilikamilisha kuinunua kampuni mama ya DStv Septemba 2025, ila usidhani kwa hilo kila king'amuzi kina chaneli zile zile. Kutoelewa Kifaransa kunavumilika: kabari ni kabari kwa lugha yoyote.

Gharama na intaneti. Soda mbili, au kiingilio cha kibanda. Bando halihitajiki, na hapa ndipo njia hii inapozipiku nyingine. Tena dishi linatangulia intaneti. Anayeangalia kwa simu anaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi, na kundi la WhatsApp litamwambia nani kalala kabla hajaona ngumi yenyewe.

Uhakika. Unategemea binadamu, kwa hiyo shughulika na binadamu. Jioni ya Jumamosi nenda mapokezi.

"Kaka, shikamoo ya safari. Hapa chaneli ya ngumi mnayo?"

"Ipo, bosi."

Usiridhike na "ipo". Mwombe awashe uione, maana hujui kama anazungumzia chaneli ya mieleka ya kuigiza. Kisha uliza mambo mawili. Runinga ya chumbani kwako ina king'amuzi chake, au inafuata cha ukumbini? Katika nyumba nyingi za wageni king'amuzi kimoja kinalisha vyumba vyote, na akiamka mtu akabadilisha kwenda muziki, nyote mmehamia muziki. La pili: rimoti inalala wapi? Kwa kawaida inalala kwenye droo ya kaunta, droo imefungwa, ufunguo uko kwa mhudumu, na mhudumu amekwenda kwao hadi saa mbili. Saa kumi alfajiri utamkuta mlinzi peke yake amejifunika koti, hana analojua kuhusu king'amuzi. Makubaliano ya jioni, na hela kidogo ya chai kwa mlinzi, ni bora kuliko GB yoyote.

Alfajiri ina faida yake: hakuna anayegombea skrini. Pambano likitoka Abu Dhabi, saa tatu usiku ya kwetu, litagongana na ligi za Ulaya na mpira utashinda. Usibishane na ukumbi mzima, tafuta baa yenye skrini mbili. Vibanda vya video navyo hufunguliwa alfajiri pakiwa na watu wa kutosha kulipia mafuta ya jenereta, hivyo usiende peke yako.

Inamfaa anayesafiri na wenzake, anayelala mjini, na asiye na bando. Kwa dada aliye peke yake katika mji asioujua, kutoka kwenda baa saa kumi alfajiri si wazo zuri; kwake ni ukumbi wa hoteli aliyolala, au njia ya tano.

Njia ya tano: kusubiri marudio

Hii haina sifa, na bado kwa safari fulani ndiyo yenye akili.

Haki haina utata: chaneli ya UFC ya YouTube huweka vipande muhimu, mahojiano, na mapambano kamili ya zamani bila malipo, SuperSport hurudia kadi kwa wenye kifurushi, Fight Pass huhifadhi ghala. Gharama yake ni ndogo kuliko zote. Vipande vya dakika chache vinakula makumi ya MB tu, na kama kuna waifai hotelini unapakua, unaangalia ukiwa ndani ya boti katikati ya ziwa ambako mnara hakuna.

Tatizo ni kuyakwepa matokeo kabla hujaangalia. Zima sauti za makundi yote ya WhatsApp tangu Jumamosi usiku, usifungue stetasi, na mwambie mdogo wako nyumbani asikupigie kukupa pole. Kuna na wale wanaotuma picha ya mshindi bila maneno. Hao hawana dawa.

Inamfaa anayeuguza, mwenye kikao Jumapili asubuhi, aliyeko London anayetakiwa kazini, na yeyote atakayekuwa majini wakati wa pambano. Ukishindwa kuvumilia, fuata matokeo kwa maandishi kwenye tovuti za michezo raundi kwa raundi. Yanakula MB kidogo mno hata kwenye mtandao wa 2G.

Linki za magendo

Kuna watakaokutumia linki ya Telegram au ukurasa wa Facebook unaorusha bure. Sikuziweka kwenye tano. Zinaonyesha mali ya watu bila ruhusa, huzimwa katikati ya pambano kuu, na nyingi zinakutaka upakue kitu au uingize namba ya kadi. Simu ile ile ndiyo yenye M-Pesa yako. Rafiki aliyeko Gungu anayegeuzia simu kwenye runinga yake na kukupigia kwa video si mwizi wa fedha zako, ila utaona zaidi kidole gumba chake kuliko ulingo.

Kwa hali yako

Unavuka Manyovu kwenda Burundi na kurudi kesho yake: lala upande wetu na utumie programu ya king'amuzi, au kama lazima ulale Bujumbura, kubaliana na hoteli kuhusu rimoti mapema. Kengele itege kwa saa ya kule.

Uko Kalemie, Uvira au Mpulungu kibiashara kwa wiki nzima: tafuta baa au nyumba ya wageni siku ya kwanza, jaribu chaneli siku ya pili. Romingi iwe akiba ya pambano kuu peke yake, ambalo kwa kawaida huanza saa mbili hivi baada ya kadi kuu kufunguliwa. Dakika arobaini za picha ya kawaida ni chini ya MB 400.

Uko Dubai au Guangzhou: acha VPN. Uliza hotelini kama wanayo chaneli yenye haki nchini mwao. Kama hawana, pakua marudio jioni. Guangzhou kwa vyovyote utakuwa sokoni asubuhi ile, na YouTube yenyewe imefungwa China, basi marudio yatakungoja ukirudi.

Unasoma Marekani au Canada: lipia huduma ya kule na ugawane gharama na mnaokaa nyumba moja. Jumamosi usiku, tena na watu wa kubishana nao.

Umempeleka mgonjwa India: pambano linaangukia asubuhi, wakati madaktari wanapita wodini. Marudio.

Na kama kinachokuvuta ni mapigano yenyewe, si lazima yawe ya UFC, kumbuka PFL, kampuni nyingine ya MMA, ilianzisha ligi yake ya Afrika 2025 na usiku mmoja wa msimu ule ukafanyika Kigali, katika ukumbi wa BK Arena unaochukua watu 10,000. Kutoka Kigoma kwenda kule ni barabara ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi mpaka Rusumo. Wakipanga tena Kigali, linganisha nauli ya basi na tiketi ya mlangoni na yote niliyoyataja hapo juu kabla hujanunua bando.